Maabara Isiyo na Kifutio

Katika maabara yetu kila kitu kiliweza kukosekana isipokuwa penseli. Umeme ulikatika, maji ya bomba yalikuja yalipojisikia, spiriti iliisha katikati ya wiki, na Daktari hakusema neno. Lakini ukimwambia penseli zimekwisha, alivaa koti akaenda dukani mwenyewe. Kifutio ndicho ambacho hakikuruhusiwa. Ukikosea namba ulipiga mstari mmoja mwembamba juu yake, ili atakayekuja baadaye aweze kusoma ulichokosea, kisha ukaandika sahihi pembeni. Na zile penseli zinazouzwa na kifutio kwenye vitako vyake, aliving'oa vile vifutio kwa meno, kimoja baada ya kingine, ameketi dirishani kama mtu anayemenya muwa. Wageni waliomkuta hivyo waliondoka na mashaka juu ya utafiti wetu.

Sisi tuliofanya naye kazi tulilichukulia jambo hilo kama wazimu wa wasomi. Kila msomi ana wake.

Alikuwa daktari wa damu. Namwita Daktari tu, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na wote, kuanzia mlinzi hadi muuza maandazi wa getini. Hakutibu sana. Alitafiti. Alisema magonjwa ya damu ni ya namna mbili: uliyozaliwa nayo na uliyokutana nayo njiani. La kuzaliwa nalo alilolifuatilia maisha yake yote ni seli mundu, ule ugonjwa unaozipinda chembe za damu mpaka zinafanana na mundu wa kukatia nyasi, mtoto akashikwa na maumivu ya mifupa ambayo mzazi hana la kuyafanyia. La kukutana nalo njiani lilikuwa safura, malaria, njaa, na udongo ambao wajawazito wanautafuna. Kwa hayo tulitoka Dodoma tukazunguka uwanda wote wa kati, Mpwapwa mpaka Kondoa, na sanduku la slaidi, hadubini moja ya kioo cha kumulikia jua, na Landrova ambayo dereva wake aliisemesha kama punda.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sokoni mitumba ilikuwa imefika, na sabuni za rangi zote, na ghafla kila mtu alikuwa na duka au ana shemeji mwenye duka. Baba yangu, ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara wakaishia hapa mjini, alifurahi kama aliyefunguliwa minyororo. Wenzetu wa maabara waliondoka mmoja mmoja kwenda kwenye zahanati za watu binafsi. Daktari alifaidi jambo moja tu katika uhuru ule: koti la sufu la mtumba, zito, la nchi za baridi, lenye jina la mtu mwingine limeshonwa ndani ya kola. Alilivaa mwaka mzima. Nikamwambia, Daktari, joto hili? Akanijibu kwamba mwenye koti alikuwa mtu mwembamba anayependa mifuko mingi, kwa hiyo walielewana.

Mifuko ile ilijaa njugu mawe. Nitazifikia.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alitoboa vidole vya maelfu ya watu, lakini siku nilipotakiwa kumpima yeye malaria, aligeukia ukutani akafumba macho na kuniuliza kama bado. Aliwahubiria wajawazito wasile udongo, kisha nikamfuma stoo akitafuna kipande. Hakuona haya. Aliniambia huwezi kumkataza mtu kitu ambacho hujui utamu wake, akameza, akasema kweli kina utamu wa mvua ya kwanza. Kuanzia siku hiyo wale kina mama walimsikiliza, maana alianza mahubiri yake kwa kukubali kwamba wana haki ya kukipenda.

Sifa hakuzitoa. Miaka yote ile alinisifu mara moja, aliposema slaidi yangu imetandazwa vizuri, na kesho yake akanikumbusha isije ikaniharibu. Nilipoharakisha aliniambia, "Damu haina haraka, binti. Mwenye haraka ni wewe." Wazee wa Kigogo aliwaamkia kwa "mbukwa" yenye lafudhi mbaya sana, wakamcheka, na wakishacheka walinyoosha vidole. Nadhani aliiharibu makusudi.

Lakini kipaji chake hasa kilikuwa kufundisha, na hapa ndipo njugu mawe zinapoingia. Kwetu zinachemshwa hadi usahau kwamba ulikuwa na njaa, na zipo nyeupe na zipo nyekundu. Tukifika kijijini, kabla ya kumtoboa yeyote, Daktari aliwaketisha watu kwenye darasa la shule ya msingi akawamwagia njugu mezani. Kila mtu, aliwaambia, anatembea na njugu mbili. Moja kapewa na baba, moja kapewa na mama. Nyeupe ni nzima, nyekundu ina mundu. Mwenye nyeupe mbili hana neno. Mwenye nyeupe moja na nyekundu moja naye hana neno, atalima, atacheza mpira, atazeeka, ila mtoto wake anaweza kuangukiwa na ile nyekundu. Mwenye nyekundu mbili ndiye tunayemtafuta, ndiye anayelia usiku. Kisha akauliza: baba ana nyeupe tupu, mama ana nyeupe tupu, mtoto ataitoa wapi nyekundu? Darasa zima lilijibu kwamba hawezi kuipata. Nimesoma chuo miaka mitatu na sikuwahi kufundishwa urithi kwa uwazi ule. Watu waliondoka wamelielewa somo kabisa, na kuelewa kwao ndiko kulikomfanya mwanamke mmoja aachwe.

Kijiji sikitaji. Kiko upande wa Kondoa. Mwalimu wa shule, kijana ambaye alikuwa hajaoa, ndiye aliyetuandalia darasa na kuita watu. Siku ya somo kulikuwa na mwanamume aliyejibu kwa sauti kuliko wote. Alikuwa mvuvi wa msimu huko Mtera, amerudi nyumbani kulima. Alikuja na mkewe na binti yao mdogo ambaye hakuwa amefika hata miaka minne. Niliwatoboa wote watatu. Yule mtoto alikuwa na kidonda kidogo kinachopona juu ya kifundo cha mguu, pale ambapo manesi wanatafuta mshipa kwa watoto walioishiwa damu. Nilikiona. Foleni ilikuwa ndefu, na nje watu walikuwa wanagombania kivuli.

Siku ya tatu tulitoa majibu. Daktari alikuwa amebuni kadi zenye duara mbili, na duara yenye mundu tuliipaka rangi nyekundu, ili hata asiyejua kusoma ajue njugu zake. Mwalimu alipata moja nyeupe na moja nyekundu, akawaonyesha watu kadi yake akitania kwamba sasa anajua kwa nini hapati mchumba. Yule mvuvi alikabidhiwa kadi tatu za nyumba yake, na tukapakia sanduku tukaondoka. Sisi tulihesabu watu kwa safu: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Kuzilinganisha kadi za nyumba moja ilikuwa kazi ya baadaye, Dodoma. Yeye alizilinganisha pale pale. Ya kwake ilikuwa nyeupe tupu, ya mkewe nyeupe tupu, ya mtoto ilikuwa na duara nyekundu.

Hakupiga mtu wala hakupiga kelele. Alimwandikia mkewe talaka akampeleka na mtoto kwao Busi, na kadi tatu akampa baba mkwe kama ushahidi. Kijiji nacho kilikumbuka kadi ya mwalimu. Mwalimu aliomba uhamisho kabla muhula haujaisha.

Sisi hatukujua lolote. Tulikuwa Dodoma tukinakili majedwali, maana Daktari alikuwa na wenzake Ulaya waliokuwa wanasubiri hesabu zake, na makala ile ingempeleka mbali. Tulijua wote kwamba kuna kiti cha uprofesa kinamngoja Dar es Salaam.

Baada ya mavuno, asubuhi moja, mwanamke aliingia maabara na mtoto mgongoni na vumbi la lori hadi kwenye kope. Shikamoo yake ilikuwa ya adabu lakini haikuwa na joto. Aliniangalia akasema, "Wewe ndiye uliyemtoboa mwanangu. Mtoboe tena."

Nilimtoboa. Daktari mwenyewe alikaa na ile slaidi mpaka kesho yake, kwa sababu kipimo chetu kilihitaji kusubiri. Hapakuwa na mundu hata mmoja. Alipima tena, na tena. Kisha alinitazama, na nilijua anachowaza: kwamba kule kijijini nilichanganya slaidi. Alivuta kiti, akamwomba yule mama asimulie maisha ya mtoto toka alipozaliwa, bila kuruka kitu.

Akasimulia. Wiki tatu kabla ya sisi kufika kijijini, malaria ilimmaliza mtoto damu hadi viganja vikawa kama karatasi. Mumewe alikuwa Mtera. Mwalimu aliwapakia kwenye baiskeli hadi hospitali ya misheni, na damu ilipotakiwa, akanyoosha mkono wake. Mtoto akapona. Mwalimu ndiye aliyemwomba asimtaje. Wazee wa kule wanaamini waliochanganya damu wamekuwa ndugu, na baba gani angependa kurudi akute mwanawe kafanywa ndugu na mtu mwingine bila yeye kujua? Tena miaka ile, damu ya mtu ilikuwa inaogopwa na kila mmoja alijua inaogopewa ugonjwa gani. Kwa hiyo alinyamaza. Kadi zilipotoka alimweleza mumewe yote, lakini mumewe alimjibu kwamba Daktari alitaja njugu za baba na njugu za mama, hakutaja chupa.

Daktari aliinamisha kichwa kwenye mikono yake. Alikaa hivyo mpaka mtoto akaanza kuichezea kofia ya Daktari. Alipoinuka alisema, "Nilifundisha vizuri. Nilifundisha nusu."

Wiki ile ile tulirudi kijijini, darasa lile lile. Yule mama alikuja na baba yake kutoka Busi. Daktari alimwaga njugu mezani, akaweka nyeupe mbili, halafu akaongeza nyekundu moja pembeni. Hii, aliwaambia, ni njugu ya kuazima. Mtoto aliazimwa na mwalimu ili asife. Inakaa miezi minne hivi, kisha inakwisha, na mtoto anabaki na zake mbili alizopewa na baba na mama. Aliwaambia ilimpasa aulize kama mtoto amewahi kuongezewa damu, na hakuuliza. "Kosa ni langu," alisema. "Si la mama huyu, si la mwalimu, si la binti huyu aliyenisaidia. Ni langu peke yangu."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sanduku mikononi. Nilikuwa nimekumbuka kile kidonda. Nilikuwa na kumbukumbu hafifu ya kutaka kukiandika, lakini baada ya yule mama kuja maabara niliitafuta karatasi yetu ya siku ile, na pembeni mwa jina la mtoto hapakuwa na kitu. Nilikiona nikanyamaza, basi. Na pale darasani nilinyamaza tena.

Yule mvuvi alisimama. Simsemi vibaya. Alisema amesikia, ameelewa, na mbele ya watu wote yuko tayari kuoa upya na mke wake arudi nyumbani. Watu walishusha pumzi. Wazee walianza kuzungumza mambo ya mbuzi.

Mwanamke hakuinuka hata alipojibu. "Daktari hakuniuliza," alisema. "Wewe nilikwambia."

Alimfunga mtoto mgongoni akarudi Busi na baba yake, na hakuolewa tena na mtu yule.

Tuliporudi mjini, ndipo Daktari alipokataza vifutio: alivikusanya vyote vya maabara kwenye bahasha akampa mtoto wa jirani apeleke shuleni kwao. Kisha aliwaandikia wenzake wa Ulaya kwamba hesabu zake zisitumike, anaanza upya, na safari hii kila mtu ataulizwa kwanza kama amewahi kuongezewa damu. Wao hawakuweza kusubiri, na walipata mtu mwingine. Kiti cha Dar es Salaam kilikaliwa na mwanafunzi wake wa zamani, ambaye kila alipopita Dodoma alimletea korosho na kumwita "mwalimu wangu" mbele za watu. Daktari alizila korosho kwa furaha. Sikuwahi kumsikia akiitaja ile nafasi. Alichokitaja ni swali lile. Aliliweka juu kabisa ya kila fomu, kabla ya jina. Aliwauliza wagonjwa, waliowasindikiza, na siku moja alimuuliza karani wa kodi aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa.

Hesabu ya pili ilimchukua miaka. Ilipotoka ilikuwa makala nyembamba kwenye jarida ambalo hata maktaba yetu haikulipokea. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nami niliishia kwenye zahanati ya mtu binafsi, kama wenzangu wote niliowacheka.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Nkuhungu, alikokuwa amejenga nyumba ndogo baada ya kustaafu. Nilimkuta barazani amevaa koti lile, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, mbele yake ungo wa njugu mawe anazichambua kwa vidole. Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kunitaja jina kabla sijajitambulisha. Aliniuliza kama kwenye zahanati yangu tunauliza swali. Nikamwambia tunauliza. Akaniuliza kama tunaliuliza kwanza au katikati.

Nilikuwa nimejiapiza siku hiyo nitasema, na nilijua nikinywa chai sitasema. Kwa hiyo niliwahi kabla chai haijaja. Nilimwambia kwamba yule mtoto alikuwa na kidonda cha sindano mguuni, kwamba nilikiona, kwamba sikuandika, na kwamba siku aliposema kosa ni lake peke yake nilimwacha abebe na mzigo wangu. Nilikuwa nalia, mtu mzima na mkoba wangu mapajani.

Vidole vyake vilisimama kwenye njugu.

"Uliandika," alisema.

Nikamwambia hapana, niliitazama ile karatasi.

"Uliandika pembeni, kwa penseli, herufi ndogo. Kidonda mguuni. Halafu, mshipa, na alama ya kuuliza. Karatasi ilikuwa inakwenda Ulaya, na haikuwa na safu ya kuliweka hilo. Ilikuwa karatasi nzuri, binti. Nikayafuta maneno yale."

Nataka kusema nilimwonea huruma, lakini kilichonipanda kwanza ni hasira. Miaka yote ile nilikuwa nimelibeba kosa lile. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

Alisema alimwambia yule mama. Mwaka ule ule, baada ya mkutano wa darasani, alikwenda Busi peke yake akamweleza habari ya kifutio, kwa kuwa yeye ndiye aliyemkosea. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kibaba cha njugu mawe za shambani kwake, akampa za njiani. Tangu hapo kila mavuno Daktari alikwenda kumsalimia, na kila alipokwenda alipewa njugu. Nyeupe na nyekundu zote alizofundishia tangu wakati huo zilitoka huko. Mimi nilidhani ananunua sokoni.

"Sijui ni msamaha au ni njugu tu," alisema. "Sikuuliza. Hilo nimeshindwa kuliuliza."

"Na mimi je?" nikamwambia. "Mimi hukunikosea?"

Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akakaa huko muda. Alitoka na faili lililofungwa kwa utepe wa bendeji. Ndani yake ilikuwamo karatasi yetu ya siku ile, majina kwa mwandiko wangu wa ujana, imekunjamana na kuwa rangi ya chai. Aliuchukua mkono wangu akaupeleka pembeni mwa karatasi, mwishoni mwa mstari mmoja.

"Pitisha kidole."

Nilipitisha. Kila mahali karatasi ilikuwa laini, isipokuwa pale, palipokwaruzika kidogo. Kwa macho nisingepaona.

Aliingiza mkono katika mfuko wa koti akatoa penseli, haina kitu kwenye kitako, akanipa. Aliniambia niandike tena, pale pale. Niliiweka karatasi juu ya mkoba wangu nikaandika kwa herufi ndogo: kidonda mguuni, mshipa, na alama ya kuuliza. Akainamisha uso wake karibu kabisa na karatasi, ingawa wote wawili tulijua haoni.

"Inasomeka?" aliniuliza.

Nikamwambia inasomeka.